GPS haijui kama ndege yako inapanda

"Nimeshapakia SID, kilichobaki ni kufuata mstari." Wanafunzi wa IFR (kuruka kwa kutegemea vyombo) husema hivi kila kukicha kuhusu SID, yaani njia rasmi ya kuondokea uwanjani, na wanamaanisha kwamba mstari wa majenta kwenye skrini ya GPS umeshawakwepesha milima. Haujawakwepesha. Mstari unakuonyesha kulia na kushoto. Kupanda ni kazi yako.

Nchini Marekani, chati isipotaja kiwango kingine, aliyeuchora utaratibu amechukulia kwamba utavuka mwisho wa njia ya kurukia ukiwa juu kwa futi 35 au zaidi, hutakata kona kabla ya futi 400, na utapanda angalau futi 200 kwa kila maili ya baharini. Asilimia 3.3 ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni karibu kiasi hichohicho. Sasa chati ikidai futi 350 kwa maili, zidisha kwa kasi yako ya ardhini kisha gawanya kwa 60. Kwa noti 90 (maili za baharini kwa saa) unahitaji futi 525 kwa dakika. Upepo wa nyuma ukikupeleka hadi noti 120, unahitaji 700. Cessna 172 iliyojaa mizigo, joto likiwa kali na uwanja ukiwa kwenye mwinuko wa futi 6,000, haifikii hata hiyo 525. Piga hesabu hii ndege ikiwa bado imeegeshwa, ukiwa na jedwali la kupanda mkononi. Ikikataa, punguza mzigo au subiri asubuhi yenye baridi.

Kuna pia vipande vya njia vinavyoishia kwenye mwinuko fulani, si kwenye pointi. Kifaa kisichopokea mwinuko uliorekebishwa kwa QNH (kipimo cha shinikizo la hewa la mahali hapo) hakiwezi kujua umefika, hivyo kinabaki palepale mpaka ubonyeze kitufe cha kuendelea. Anayesubiri kigeuke chenyewe hupitiliza kona.

"Utaratibu haumo kwenye GPS, basi haupo." Taratibu nyingi za kukwepa vizuizi wakati wa kuondoka Marekani ni maandishi matupu. Ukiona pembetatu nyeusi yenye T kwenye chati ya kutua, zitafute. Na SID ya RNAV, yaani inayofuata pointi zilizo kwenye kifaa, iite kwa jina lake kutoka kwenye hifadhidata. Usiiunde kwa kuchapa pointi moja moja.

"Hifadhidata ya mwezi jana inatosha." Mzunguko wa kuisasisha ni siku 28, na pointi huhamishwa.

"Mshale uko katikati, niko salama." Katikati kwa kipimo gani? Vifaa vya zamani, vikiwa kwenye hali ya safarini, mshale hufika ukingoni ukiwa umepotoka maili 5. Kabla ya kuruka, weka kipimo cha maili 1.