Tumbo Linajaa, Choo Hakieleweki: Maswali ya Fundi Cherehani wa Tabora

Dada mmoja wa miaka 31, fundi cherehani mjini Tabora, ameniletea maswali aliyoyaandika kwenye karatasi ya daftari. Miaka miwili sasa tumbo lake hujaa gesi na kunyonga. Wiki hii anaendesha, wiki ijayo anapata choo kigumu vipande vipande kama cha mbuzi. Ameshameza flajili mara nne, na hata mara moja hajapimwa choo. Mimi ni muuguzi. Nimemwomba ruhusa niyajibu hapa, maana wengi wanateseka na hali hii na aibu imewafunga mdomo.

Shikamoo mama. Nikila maharage mchana, jioni tumbo ni kama ngoma na ushuzi haukomi. Wateja wanakaa karibu nami, naona aibu sana. Huu ni ugonjwa?

Marahaba mwanangu. Ushuzi peke yake si ugonjwa. Mtu mzima mwenye afya hujamba mara 8 hadi 14 kwa siku, na hata akifika 25 bado ni kawaida. Sehemu ya hewa hiyo tunaimeza wenyewe: tukila harakaharaka, tukinywa soda, tukitafuna bablishi. Nyingine hutengenezwa na bakteria wa utumbo mpana.

Maharage yana aina ya sukari ambayo mwili wetu hauna kimeng'enya cha kuivunja. Hupita utumbo mwembamba ikiwa nzima, ikifika chini bakteria wanaila na kuigeuza gesi. Sukari hiyo huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, uyapike kwa maji mapya. Kuloweka na kisha kupikia maji yaleyale hakusaidii.

Viazi vitamu na michembe, kabichi na vitunguu navyo huwajaza gesi wengi. Msimu wa maembe, ambao hapa kwetu kila kona kuna mwembe, malalamiko ya tumbo huongezeka, kwa sababu embe lina sukari ya matunda nyingi na baadhi ya matumbo hayawezi kuinyonya yote kwa mara moja. Maziwa mabichi au ya kuchemsha ni hivyohivyo: watu wazima wengi wa Afrika hawayeyushi vizuri sukari ya maziwa. Mtindi huvumilika zaidi, kwa kuwa bakteria wameshaila sehemu ya sukari hiyo kabla yako.

Kila nikinywa flajili napata nafuu wiki moja au mbili, halafu inarudi. Si dalili kwamba nina amiba sugu?

Hapa nataka unisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Tumbo la namna yako hupanda na kushuka lenyewe. Linakusumbua wiki kadhaa, kisha linatulia bila dawa yoyote. Wewe unakwenda duka la dawa lini? Siku limechacha kabisa. Unameza vidonge, tumbo linashuka kama ambavyo lingeshuka tu, na sifa inakwenda kwa flajili. Likipanda tena unasema amiba amerudi. Nimeona watu wakizunguka hivyo miaka, na inaniuma, kwa sababu dawa ile huua pia bakteria wazuri wa utumbo, na baada yake tumbo laweza kuchafuka zaidi.

Amiba na jiadia, kijidudu kingine cha utumbo, wapo kweli, na flajili huwatibu. Lakini kwanza pima choo. Hali kadhalika taifodi: taifodi huja na homa ya siku nyingi. Gesi ya miaka miwili isiyo na homa haifanani na taifodi, hata kama kipimo cha damu kimesoma hivyo, maana kipimo kile kinachotumika sana huweza kuonyesha alama za maambukizi ya zamani. Na vidonda vya tumbo, jina tunalolibandika kila maumivu, kwa kawaida huuma juu, kwenye chembe cha moyo. Maumivu yako umesema yako chini ya kitovu na hupungua ukishapata choo.

Kwa hiyo nina nini?

Siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa karatasi. Ila ulivyoeleza, kuna hali moja ninayoifikiria: utumbo mwepesi kuchokozeka, ambao hospitalini utasikia wakiuita IBS. Utumbo wenyewe ukiangaliwa hauna kidonda wala uvimbe. Kasoro ipo kwenye mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Neva za utumbo zinakuwa na hisia kali, kwa hiyo gesi ambayo mwenzako haisikii, wewe inakukata. Misuli nayo hukaza haraka mno ukaendesha, au ikalegea mno choo kikakwama.

Madaktari hutumia vigezo vilivyotolewa mwaka 2016: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki ndani ya miezi 3 iliyopita, na dalili ziwe zilianza si chini ya miezi 6 nyuma. Tena maumivu hayo yaambatane na mambo mawili kati ya haya: yabadilike unapokwenda choo, idadi ya kwenda choo ibadilike, au choo chenyewe kibadilike umbo. Gesi bila maumivu haitoshi kuitwa IBS.

Huwapata zaidi wanawake, na wengi husema huzidi wakiwa hedhini. Wengine huanza baada ya kuharisha vibaya: vijidudu vinaondoka, utumbo unabaki na hasira yake. Mawazo nayo huichochea, lakini asikudanganye mtu kwamba unajitungia maumivu. Yapo. Na hali hii haigeuki kuwa saratani.

Nitajuaje kama ni kitu kibaya zaidi?

Usisubiri ukiona damu kwenye choo, au choo cheusi kama lami na humezi vidonge vya kuongeza damu. Usisubiri ukikonda bila kukusudia, ukiwa na homa zisizokwisha, ukiishiwa damu, ukishika uvimbe tumboni, au ukiamshwa usingizini na kuharisha. Aliyevuka miaka 50 na mabadiliko haya yakamwanza ndiyo kwanza, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya utumbo, achunguzwe. Mama wa umri huo ambaye tumbo limejaa kila siku bila kushuka aangaliwe pia ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi.

Tumbo likivimba, unatapika, na hutoi choo wala hewa, hiyo ni dharura. Utumbo huenda umeziba. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Nipimwe nini?

Choo, wingi wa damu, na VVU kama hujui hali yako. Kama umewahi kukaa kando ya Ziwa Tanganyika au Victoria ukaoga au kufua ziwani, mwambie mhudumu akuangalie na kichocho cha tumbo. Anza zahanati au kituo cha afya. Wakiona haja watakuandikia rufaa kwenda Kitete, hospitali yetu ya mkoa.

Na ikiwa ni IBS kweli, inatibika?

Inatulizwa, na wengi huishi nayo vizuri. Chukua daftari jingine, mbali na lile la vipimo vya wateja. Andika ulichokula, choo kilivyokuwa, maumivu yalipoanza. Kisha ondoa kitu kimoja kwa wiki mbili, kwa mfano maziwa, ukirudishe uone. Usiache vyakula kumi kwa pamoja, utadhoofika na hutajua mkosaji ni yupi. Kula kwa saa zinazoeleweka. Wewe unakaa kwenye cherehani tangu asubuhi, kwa hiyo tembea jioni, utumbo nao hutembea. Dona ni chakula kizuri, lakini pumba zake huwachokoza wenye hali hii, jaribu kupunguza. Sanamaki na dawa za kusafisha tumbo achana nazo.

Daktari anaweza kukupa dawa ya kulegeza misuli ya utumbo. Akikuandikia amitriptilini ya dozi ndogo, usishtuke ukisikia ni dawa ya sonona. Kwa dozi hiyo hutumika kutuliza neva za tumbo.

Asali je? Mama mkwe hunitumia asali kutoka Sikonge, ananiambia nilambe kila tumbo likiuma.

Mshukuru, na usimwambie asali yake ni mbaya. Ila asali ina sukari ya matunda nyingi, ileile ya maembe. Kaa wiki mbili bila kuilamba, ukiandika daftarini, halafu rudi na kijiko kimoja kidogo cha chai. Tumbo likinyamaza, endelea na hicho kimoja.