Skuli binafsi: hesabu walioanza kabla ya kuhesabu waliofaulu

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, skuli binafsi za Zanzibar hutangaza idadi ya waliopata daraja la kwanza. Tangazo hilo linaweza kuwa kweli tupu, na bado likamficha mzee jambo muhimu: watoto wangapi walianza pamoja na hao?

Fungua ukurasa wa skuli katika matokeo ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, uone idadi ya waliofanya mtihani na mgawanyo wa madaraja. Kisha tafuta kundi hilohilo lilipokuwa Kidato cha Pili, katika mtihani unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Waliomaliza 2024 walikuwa Kidato cha Pili 2022.

Tuchukue mfano wa kubuni. Skuli ya kwanza ina watahiniwa 18, na 9 wamepata daraja la kwanza. Hiyo ni nusu nzima. Ya pili ina watahiniwa 60, daraja la kwanza 12 tu, yaani asilimia 20, lakini 46 wako kati ya daraja la kwanza na la tatu. Ukigundua kwamba ya kwanza ilikuwa na watoto 40 Kidato cha Pili, na ya pili 64, picha inageuka. Ya pili imewafikisha daraja la tatu au juu yake watoto 72 katika kila 100. Ya kwanza, hata kama wote 18 wamefika hapo, ni 45. Waliobaki 22 wako wapi? Wapo waliohama kwa hiari, wapo waliokariri darasa, na huenda wapo waliosajiliwa kama watahiniwa wa kujitegemea, ambao namba ya kituo chao huanza na P badala ya S. Muulize mwalimu mkuu bila kuona haya. Mtoto wako anaweza kuwa mmoja wa hao 22.

Wazee wengi hukosea kusoma GPA ya kituo, yaani wastani wa alama za skuli nzima. A huhesabiwa 1 na F huhesabiwa 5, kwa hiyo GPA ndogo ndiyo nzuri. GPA ya skuli yenye watahiniwa 10 hupanda na kushuka kwa mtoto mmoja tu. Isome kwa miaka mitatu. Skuli zinazofuata mtaala wa kimataifa wa Cambridge zilinganishe zenyewe kwa zenyewe.

Kwa anayetaka sayansi, jedwali la masomo lina faida kuliko jumla. Angalia Fizikia na Kemia, halafu nenda skuli siku ya masomo uombe daftari la majaribio la mwanafunzi. Maabara yenye vifaa vinavyong'aa na daftari tupu ni maabara isiyotumika.

Ada ihesabu kwa mwaka mzima, pamoja na gari, chakula, sare, vitabu na malipo ya mtihani, na dahalia kama mtoto atalala huko. Omba mchanganuo huo kwa maandishi, na uone cheti cha usajili wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali kabla hujalipa chochote.