Beck hakuitupa jiografia

Nimeletewa tena mchoro wa ruti za daladala za Mwanza. Mistari imenyooka, rangi zinavutia, vituo vimepishana kwa nafasi sawa, na Ziwa Victoria halipo. Nikauliza ziwa liko wapi. Nikapewa jibu lile lile ninalopewa na kila kijana anayeanza kazi hii ya kuchora ramani: ramani ya treni za chini ya ardhi za London ilifanikiwa kwa sababu mchoraji wake, Harry Beck, aliitupa jiografia.

Hakuitupa. Naomba tulimalize leo.

Historia kwa ufupi. Treni ya kwanza ya chini ya ardhi London ilianza Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, ikivutwa na injini za mvuke. Barabara ilichimbwa mtaro, zikajengwa kuta, ikafunikwa juu. Njia za kina kirefu zenye treni za umeme zilikuja 1890. Ramani ya pamoja ya kampuni mbalimbali ilitoka 1908, imelazwa juu ya mitaa ya jiji, na hapo shida ikaonekana: katikati vituo vimebanana hadi majina hayasomeki, pembezoni njia zinatoka nje ya karatasi.

Tena Beck anapewa sifa isiyo yake. Mitaa ilishafutwa kabla yake. Ramani za mfukoni alizochora F. H. Stingemore miaka ya 1920 hazikuwa na barabara, na vituo vya pembezoni alishaanza kuvivuta karibu. Beck, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi kwenye ofisi ya ishara za reli, alileta kanuni mwaka 1931: mstari uende wima, mlalo au nyuzi 45, katikati papanuliwe, pembezoni pabanwe. Wakubwa waliikataa kwanza. Ilipotolewa Januari 1933, abiria waliipokea vizuri, naye akaendelea kuirekebisha hadi karibu 1960.

Sasa tazama alichobakiza. Mto Thames upo. Umenyooshwa na kukunjwa kama reli zenyewe, lakini upo. Mfuatano wa vituo haukuguswa. Pa kubadilishia treni hapakuguswa. Kaskazini kwa sehemu kubwa ni kaskazini. Mtu akipanda ngazi kutoka gizani anataka kujua yuko ng'ambo ipi ya mto, na Beck alilijua hilo. Mwaka 2009 mto uliondolewa ili kupunguza msongamano wa michoro. Watu wa London walipiga kelele, meya Boris Johnson akaagiza urudishwe, na kabla ya mwaka kuisha ukawa umerudi.

Alichopotosha ni umbali, na gharama yake wanalipa abiria. Leicester Square hadi Covent Garden ni mita 260 hivi. Kwenye ramani pengo hilo halina tofauti kubwa na mapengo mengine, hivyo mgeni anakata tiketi kwa safari ambayo angeitembea. Bayswater na Queensway ziko mtaa mmoja, lakini ukitazama mchoro hutadhani. Mwaka 2015 wenye reli walilazimika kutoa ramani ya pili yenye dakika za kutembea kati ya kituo na kituo. Kwa hiyo usiniambie umbali hauna maana.

Turudi Mwanza, ambako abiria wa daladala hayuko ndani ya handaki. Anaona nje. Mji wetu una matawi matatu ya barabara: Kenyatta inakwenda kusini kwa Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa, Nyerere inakwenda mashariki kwa Mabatini, Buzuruga na Igoma, Makongoro inakwenda kaskazini kwa Kirumba, Pasiansi na uwanja wa ndege. Mgeni akishuka stendi ya Nyegezi na kupanda gari la mjini, ziwa liko upande wake wa kushoto. Akiunganisha kwenda Pasiansi, bado liko kushoto. Likibaki mgongoni, amepanda la Igoma, na konda aambiwe mapema. Rangi ya mstari haiwezi kumsaidia haraka namna hiyo.

Kwenye mchoro niliouletewa, kivuko cha Kamanga ni nukta isiyo na maji. Igogo na Mabatini zimekaa jirani utadhani mtu anakatisha tu, wakati kati yake kuna mlima wa Bugando na mawe yake. Huko ni kumpoteza abiria.

Kuna jambo moja linanisumbua, na vitabu vya fani hii hulipita. New York ilitoa mchoro wa treni zake za chini ya ardhi, kazi ya mbunifu Massimo Vignelli, mwaka 1972, mistari safi kabisa, bustani ndefu ya Central Park imekuwa mraba. Watu waliulalamikia, na 1979 ikarudi ramani yenye sura ya jiji. Kisha 2025 New York imeirudia mistari iliyonyooka. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ramani ya Beck inasomeka kwa ubora wake peke yake. Huenda watu wa London wameizoea tangu utotoni, na hapa Mwanza hakuna aliyekua na ramani ya daladala.

Kijana wangu, nyoosha mistari upendavyo. Ila weka ziwa, weka mlima wa Bugando, na pale mjini kati andika dakika za kutembea kutoka wanaposhushwa abiria wa Nyegezi hadi wanapopandia wa Kirumba. Ukishaweka hayo, niletee.