Je, wajua kwa nini mateka wa vita aliaminiwa kwa neno lake tu?

Kwenye filamu ya Kifaransa La Grande Illusion, ya mwaka 1937, kuna tukio la dakika chache ambalo nililielewa vibaya mara mbili, na mara zote mbili nikawafundisha wengine kosa langu kwa kujiamini kabisa.

Ni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwenye ngome iliyo juu ya mlima huko Ujerumani wamefungwa maofisa waliotekwa, watoro sugu waliokwishajaribu kutoka kambi nyingine. Siku moja walinzi wanapekua chumba chao: vitanda vinavurugwa, kila kitu kinapinduliwa. Anaingia mkuu wa ngome, von Rauffenstein, rubani wa zamani aliyeumizwa vibaya vitani. Shingo yake imeshikiliwa na kitu kigumu, hata akitaka kugeuka inambidi ageuke mwili mzima. Anaamuru kona ya chumba anayolala Kapteni de Boeldieu, mmoja wa mateka hao, isiguswe. Kisha anamuuliza Kapteni: unanipa neno lako kwamba humu ndani hakuna kitu kilichokatazwa? Boeldieu anampa neno. Basi, imetosha.

Mara ya kwanza nilicheka. Mimi ni mtu niliyezoea kuacha kitambulisho getini nikienda tu kumwona fundi wa simu ghorofa ya pili. Leo mlinzi wa jela amwamini mfungwa, tena adui, tena mtoro? Nikasema hiyo ni chumvi ya mtunzi, anawapamba watu wa koo kubwa. Mara ya pili nikawa mjanja zaidi, nikasema Boeldieu alidanganya, kwa sababu kamba ya kutorokea ipo na watazamaji tunaijua. Yote mawili si kweli. La kwanza ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali.

Mandhari ya filamu kwa kifupi. Mwongozaji ni Jean Renoir, aliyekuwa rubani katika vita hiyohiyo. Koti la kijeshi analovaa Jean Gabin ndani ya filamu lilikuwa la Renoir mwenyewe. Gabin ni Maréchal, fundi makanika aliyepanda cheo. Rosenthal ni Myahudi wa familia ya mabenki, na vifurushi vya chakula anavyotumiwa kutoka nyumbani ndivyo vinavyowalisha wenzake vizuri kuliko wanavyokula walinzi wao. Boeldieu na Rauffenstein ni watu wa koo za kitukufu, mmoja Mfaransa na mwingine Mjerumani, na wakitaka kusemezana bila kuingiliwa huhamia Kiingereza. Serikali ya Kinazi ya Ujerumani iliipiga filamu hii marufuku.

Sasa tuje kwenye lile neno.

Mwaka 1907 mataifa yaliyokutana The Hague, Uholanzi, yaliandika kanuni za vita vya nchi kavu. Kifungu cha 10 kinasema mateka anaweza kuachiwa huru kwa neno lake la heshima, ikiwa sheria za nchi yake zinaruhusu. Akishalitoa, limemfunga pande zote mbili, kwa adui aliyemwachia na kwa serikali yake mwenyewe. Na serikali yake haitakiwi kumdai kazi yoyote inayovunja ahadi ile, wala kuipokea hata akija mwenyewe kujitolea. Mtu amempa adui neno, na nchi yake inalazimika kuliheshimu.

Kanuni hizohizo zina jambo jingine la ajabu. Mateka akitoroka bila kuwa amempa mtu neno, akakamatwa kabla hajalifikia jeshi lake, adhabu yake ni ya kinidhamu tu. Akifanikiwa kufika, kisha akatekwa upya siku nyingine, haadhibiwi kabisa kwa ule utoro wa mwanzo. Lakini aliyeachiwa kwa neno lake akakutwa tena na silaha dhidi ya wale aliowaahidi, anapoteza haki ya kutendewa kama mateka wa vita na anaweza kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo kutoroka kulihesabiwa kama sehemu ya kazi ya askari. Kosa lilikuwa kuvunja neno.

Njia rahisi ya kulielewa hili ni mali kauli. Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi. Kijana anachukua pea ishirini za viatu kwa mwenye stoo, hana hata shilingi ya kuacha. Hakuna karatasi, hakuna dhamana ya shamba wala pikipiki. Jioni analeta hela ya vilivyouzwa na kurudisha vilivyobaki. Mwenye stoo hajawa mtakatifu. Amepiga hesabu kwamba kumwajiri mtu wa kumfuata kijana mtaa hadi mtaa ni gharama kuliko kumwamini. Na kijana naye anajua kwamba akiyeyuka na pea ishirini, kesho hakuna stoo sokoni itakayompa hata kandambili. Rehani yake ni jina lake.

Kambi ya maofisa ilikuwa na hesabu za namna hiyo. Chini ya kanuni za 1907, ofisa mateka halazimishwi kufanya kazi, na nchi iliyomteka inamlipa mshahara sawa na wa ofisa wake wa cheo hicho, ili baadaye irudishiwe na serikali yake. Hebu fikiria mamia ya wanaume wenye nguvu, hawana la kufanya, wamezungushiwa ukuta. Wasipopata pa kunyooshea miguu watachimba. Kuwatoa matembezini chini ya bunduki kunataka walinzi wengi, na walinzi hao wanahitajika kwenye mapigano. Kukawa na kadi. Ofisa anatia sahihi kwamba katika matembezi haya hatatoroka wala kuandaa utoro, anatoka langoni, anapita vijijini na msituni karibu bila ulinzi, kisha anarudi na kadi inarejeshwa.

Hapo ndipo wengi tunapotelezea. Kadi ikisharejeshwa, ahadi imekwisha, kama hesabu ya stoo inavyofungwa jioni. Ofisa yuleyule aliyepita alasiri kando ya msitu mnene bila kuinua mguu kukimbia anaweza usiku akaingia chini ya ngazi na kuendelea kuchimba. Hakuna aliyeona kwamba anajipinga. Kwenye kambi ya Holzminden, Ujerumani, maofisa wa Uingereza walichimba kwa miezi, na Julai 1918 wakatoka 29 kwa njia ya chini kwa chini. 10 walifika kwao. Charles de Gaulle, aliyekuja kuwa rais wa Ufaransa, akiwa kapteni aliyetekwa karibu na Verdun mwaka 1916, alijaribu kutoroka mara tano na kushindwa zote tano. Kwa urefu wake ule, labda shimo lingehitaji kuchimbwa mara mbili.

Mfano uliokwenda mbali zaidi ni wa Kapteni Robert Campbell, Mwingereza aliyetekwa Agosti 1914 na kuwekwa Magdeburg, Ujerumani. Mwaka 1916 alipata habari kwamba mama yake anakufa kwa kansa. Akamwandikia mfalme wa Ujerumani, Kaisari Wilhelm II mwenyewe, kuomba akamwone. Kaisari akamruhusu wiki mbili, kwa sharti moja, kwamba atoe neno la ofisa kuwa atarudi. Campbell akasafiri hadi Kent, Uingereza, akakaa na mama yake, akarudi kifungoni kwa miguu yake mwenyewe. Aliporudi akajiunga na wenzake kuchimba, wakatoka, wakakamatwa karibu na mpaka wa Uholanzi. Kisa hiki kilifufuliwa na mwanahistoria mmoja miaka karibu mia baadaye kutoka kwenye barua za serikali. Ni kisa kimoja, kwa hiyo tusikigeuze kuwa desturi. Mateka wa Kijerumani aliyekuwa mikononi mwa Waingereza alipoomba ruhusa ya namna hiyo alikataliwa. Mali kauli ya umbali huo ilifungwa pale pale.

Na si Ulaya peke yake. Januari 1915, Jasini, pwani ya kaskazini ya Tanga, kikosi cha upande wa Uingereza kilijisalimisha kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki. Makapteni wawili Waingereza, Hanson na Turner, walipelekwa mbele yake. Akawapongeza kwa walivyojihami, akawaachia waende zao kwa ahadi kwamba hawatapigana tena katika vita ile. Siwezi kupita Jasini bila kuwakumbuka wapagazi. Kariakoo ninayoitolea mfano wa mali kauli imepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi cha Waingereza, kilichoitwa Carrier Corps, katika vita hiyohiyo. Makumi ya maelfu walikufa wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili. Hao hakuna aliyewauliza neno lao. Walihesabiwa kwa mizigo.

Kwa muda nilidhani hilo lilikuwa limeandikwa kwenye sheria, yaani kwamba neno la heshima ni haki ya maofisa. Nikarudi kwenye kifungu cha 10 kutafuta neno "ofisa" na sikulikuta. Kinasema mateka wa vita, nukta. Maofisa wanatajwa kwenye kazi na kwenye mshahara, lakini kwenye ahadi hawatajwi. Ubaguzi uliingia kwenye utekelezaji: jeshi lililoteka ndilo lililoamua nani wa kumpa kadi, na lilimpa yule liliyemtambua kuwa ni mtu wa namna yake. Askari wa kawaida walipelekwa mashambani na machimboni. Wachache wao walibaki kwenye kambi za maofisa kama watumishi, mateka wakiwafulia na kuwapikia mateka wenzao.

Mwenye stoo pia ana tabia hiyo, tusijifanye. Mgeni hapewi viatu. Anayepewa ni mtoto wa fulani, aliyeletwa na fulani. Ukoo unasimama badala ya mdhamini, na mwaminifu asiye na ukoo sokoni anabaki kutembea mikono mitupu.

Nikiwa na hayo kichwani nikarudia lile tukio la ngomeni, na kosa langu la pili likaanguka. Rauffenstein aliuliza kama kuna kitu kilichokatazwa ndani ya chumba. Kamba ilikuwa inaning'inia nje ya dirisha. Boeldieu hakusema uongo hata herufi moja. Alilipia deni kama lilivyoandikwa, senti kwa senti. Unaweza kusema ni hila, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini tazama alichokifanya kwa mkopo ule. Jina la ukoo wake lilimpatia imani ambayo Maréchal na Rosenthal wasingepewa, naye akaitumia kuwatoa wao wawili. Yeye hatoki. Usiku wa utoro anapanda kwenye kuta za ngome amevaa glavu nyeupe, anapiga filimbi ndogo ili walinzi wote wamfuate yeye huku wenzake wakiteremka kwa ile kamba. Rauffenstein anamsihi kwa Kiingereza ashuke. Hashuki. Rauffenstein anafyatua akilenga mguu, risasi inaingia tumboni.

Na huyu Boeldieu si mtu wa kukumbatia watu. Maréchal anamlalamikia kwamba wamekaa pamoja miezi kumi na minane na bado anamwita kwa lugha ya adabu ya mbali. Boeldieu anamjibu kwamba hata mama yake na mke wake huwaita hivyohivyo.

Baada ya upekuzi, Boeldieu alikuwa amemuuliza Rauffenstein swali lililokuwa limenikaa na mimi: kwa nini umeomba neno langu na si la wenzangu? Rauffenstein anashangaa. Neno la Rosenthal? La Maréchal? Boeldieu anamwambia kwamba maneno yao ni sawa na yetu. "Labda," anajibu Mjerumani, na "labda" hiyo inatamkwa kwa namna ambayo huhitaji kujua Kifaransa kuielewa.

Aliyeitamka ni Erich von Stroheim, mwigizaji wa Rauffenstein. Alifika Marekani mwaka 1909 akajitambulisha kama mtu wa ukoo wa kitukufu kutoka Austria, na ile "von" katikati ya jina, alama ya ukoo wa kitukufu kwa Wajerumani, ikiwa ushahidi. Hollywood ikaipokea, magazeti yakaiandika, akaigiza maofisa wa kitukufu hadi uzeeni. Baada ya kufa kwake mwaka 1957 ndipo watu walipokwenda kuangalia rekodi za Vienna. Baba yake alikuwa Myahudi mtengeneza kofia, na ile "von" aliitia mwenyewe.