Karafuu, panya na sonona: jaribio linasema nini hasa

Hapa Moshi, kuanzia meza za viungo za soko la Mbuyuni hadi kwenye makundi ya WhatsApp, kuna maneno yamezoeleka sana: "Mafuta ya karafuu yamethibitishwa na wanasayansi kutibu sonona." Nilikuwa nayaacha yapite. Lakini jirani yangu aliponiuliza kama anaweza kuacha vidonge alivyoandikiwa kliniki ili atumie matone ya karafuu kwenye chai, niliona kunyamaza si vizuri tena.

Chanzo cha maneno hayo ni rahisi kueleza. Watafiti huchemsha kiungo, iwe karafuu, iliki au tangawizi kama ile ya Same, wakakusanya mafuta ya kunukia yanayopanda na mvuke. Mafuta hayo hupewa panya wa maabara, kisha tabia yao hupimwa. Wakifanya kama wafanyavyo panya waliopewa dawa ya sonona, ripoti husema mafuta yana "athari mithili ya dawa ya sonona". Habari ikifika sokoni, "mithili" imeshadondoka, na pengo lake limezibwa na "kutibu".

Jaribio linalotumika zaidi lilielezwa na Roger Porsolt na wenzake mwaka 1977. Panya hutiwa kwenye chombo cha maji asichoweza kutoka wala kugusa chini. Mwanzoni huhangaika, huogelea, hujaribu kuparamia ukuta. Baadaye hutulia na kuelea, akitikisa miguu kiasi cha kuweka pua juu ya maji. Kwa panya wadogo jaribio huchukua dakika 6, na muda wa kutulia huhesabiwa katika dakika 4 za mwisho. Waliopewa imipramini, dawa ya sonona ya siku nyingi, hutulia kwa muda mfupi kuliko waliopewa kimiminika kisicho na dawa. Mafuta yakifanya vivyo hivyo, yamefaulu. Kinachopimwa ni sekunde za kutulia, basi. Lipo na jaribio la mwaka 1985 la kumning'iniza panya kwa mkia, nalo huhesabu kitu hichohicho.

Je, panya huyo alikuwa na sonona? Mara nyingi ni panya mwenye afya, aliyekuwa akila na kucheza muda mfupi kabla ya kutiwa majini. Sonona ya binadamu hudumu wiki 2 au zaidi: mtu hafurahii alichokipenda, usingizi na hamu ya chakula vinavurugika, anajiona hafai, wengine wanafikiria kujiua. Panya hawezi kuulizwa kama anajiona hafai. Porsolt aliona kule kutulia kuwa ni kukata tamaa; watafiti wengine wanasema panya amejifunza tu kwamba hakuna njia ya kutoka, akaamua kutunza nguvu. Mimi naona hoja hii ya pili ni nzito.

Na hapa ndipo wengi wanapogeuza mambo. Imipramini haikujulikana kuwa dawa ya sonona kwa sababu ya panya. Daktari Roland Kuhn wa Uswisi aliona wagonjwa wake wakipata nafuu, akachapisha matokeo mwaka 1957, miaka 20 kabla ya jaribio la maji. Dawa zilizokwisha kusaidia watu ndizo zilizotumika kulipima jaribio lenyewe. Kwa hiyo jaribio hilo ni chekeche la kuchagua kemikali za kufuatilia, na matundu yake ni makubwa. Kafeini, ambayo imo kwenye kahawa yetu ya Kilimanjaro, nayo inaweza kumfanya panya aogelee zaidi, kwa kuwa inamchangamsha. Ndiyo maana mtafiti makini humweka panya pia kwenye boksi pana lililo wazi na kupima anavyotembea, ajue kama mafuta yamemchangamsha tu. Tena panya hubadilika ndani ya saa moja baada ya kupewa dawa, lakini mgonjwa wa sonona kwa kawaida husubiri wiki kadhaa.

Dozi nayo ina hesabu yake. Panya hudungwa mafuta tumboni au humiminiwa kwa mrija, kwa miligramu kulingana na uzito wake, na kiasi hicho hakihamishwi kwenda kwa mtu kwa kuzidisha kilo tu. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli, tena iliyokolea; si sawa na punje mbili za kwenye pilau. Watoto walioyanywa wamewahi kuharibika ini. Jirani nilimwambia aendelee na vidonge, na akitaka kuviacha aanze kwa daktari aliyemwandikia.

Utafiti wa namna hii siudharau. Dawa inaweza kuanzia huko. Ninachoomba ni kuusema ulivyo: mafuta ya karafuu yamepunguza muda wa panya kutulia majini, kwa namna inayofanana na dawa ya sonona. Neno "kutibu" tuliweke kando hadi yajaribiwe kwa watu wenye sonona yenyewe, wakilinganishwa na wasiopewa mafuta hayo, kwa wiki za kutosha.