Mfumo wa elimu wa Urusi: kutoka darasa la kwanza hadi udaktari wa sayansi

Urusi haina shule ya msingi ya kumaliza kisha ukatafuta sekondari kwingine. Mtoto huanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita na nusu au saba, tarehe 1 Septemba, akiwa amebeba maua ya mwalimu wake. Miaka 11 inayofuata anaweza kuimaliza katika shule hiyohiyo: darasa la 1 hadi 4 ni hatua ya awali, la 5 hadi 9 ni ya kati, na la 10 na 11 ni ya juu. Alama huhesabiwa kwa namba. 5 ni bora, 3 umepona, 2 umefeli. Alama 1 ipo kwenye maandishi, ila walimu hawaitumii sana.

Njia panda iko darasa la 9, kwenye mtihani uitwao OGE: Kirusi, hisabati na masomo mawili ya kuchagua. Baada ya hapo wengi huenda koleji kusomea ufundi, uuguzi au uhasibu. Wanaobaki hufanya EGE mwisho wa darasa la 11. Huu ndio mtihani unaowanyima watu usingizi. Tangu 2009 umekuwa wa lazima nchi nzima, na alama zake, kati ya 100 kwa kila somo, ndizo hutumika kuombea vyuo. Zamani kila chuo kilitunga mtihani wake wa kuingilia, hivyo kijana wa Siberia alilazimika kusafiri hadi Moscow kwenda kujaribu bahati. Wanaoulaumu EGE husema miaka miwili ya mwisho imegeuka kukaririshana majibu, na sidhani wanatia chumvi sana.

Chuoni kuna nafasi za "bajeti", zinazolipiwa na serikali, na za "mkataba", ambazo mwanafunzi hujilipia. Mitihani mingi ni ya mdomo. Unachomoa karatasi yenye maswali, unapewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha unamkabili mhadhiri uso kwa uso. Anayemaliza akiwa na 5 katika angalau asilimia 75 ya masomo, bila 3 hata moja, hupewa diploma nyekundu. Wengine hupata ya buluu.

Ngazi za shahada ndizo huwachanganya wageni. Enzi za Kisovieti, mtu alisoma kama miaka mitano mfululizo akatoka mtaalamu kamili. Mwaka 2003 Urusi ilijiunga na mpango wa Bologna wa vyuo vya Ulaya, ikaleta shahada ya kwanza ya miaka minne na uzamili wa miaka miwili. Hata hivyo ule mtindo wa zamani, spesialiteti, haukufutwa: udaktari wa binadamu bado ni miaka sita moja kwa moja. Juu ya shahada hizo kuna aspirantura, yaani masomo ya utafiti, na anayetetea tasnifu huwa kandidati wa sayansi, cheo ambacho kwa kawaida hulinganishwa na PhD. Udaktari wa sayansi uko juu zaidi, unadai tasnifu nyingine, na wapo maprofesa wanaoupata mvi zikiwa zimeshatanda.

Mwaka 2022 serikali ilitangaza kuachana na Bologna, na 2023 vyuo sita vikaanza kujaribu mfumo mpya: elimu ya juu ya msingi ya miaka minne hadi sita, halafu elimu ya ubobezi ya mwaka mmoja hadi mitatu.

Mwanafunzi wa kigeni asiyejua lugha huanza na kitivo cha maandalizi, maarufu kama podfaki. Kwa kawaida ni mwaka mmoja wa Kirusi pamoja na istilahi za fani yake. Vijana wengi wa Afrika wamepita njia hiyo tangu 1960, kilipoanzishwa Moscow chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Siku hizi baadhi ya vyuo hufundisha udaktari kwa Kiingereza, lakini Kirusi hakikwepeki, maana wagonjwa wa wodini ndicho wanachozungumza.