Jumba la Mizingani na watu waliolala chini ya paa lake

Ukishuka boti Malindi ya Unguja, ukatoka geti la bandari na kuifuata njia ya Mizingani, utaliona mkono wako wa kushoto kabla hujafika Mtini, penye ule mti mkubwa: jumba lenye roshani za mbao zilizotobolewa nakshi hata zikafanana na kitambaa cha lesi, vioo vya rangi juu ya milango, na maua ya lipu ukutani. Vitabu vya watalii huliita Dispensari ya Zamani. Wengine hulijua kama Dispensari ya Ithnaasheri, yaani ya Mashia wa Maimamu kumi na wawili. Aliyelianzisha hakukusudia dispensari, wala hakuwa Ithnaasheri.

Kazi yangu ni uhifadhi wa majengo ya Mji Mkongwe, na kila nikipita hapo na wageni swali la kwanza huwa ni la nakshi: nani alizichonga, zilichukua muda gani. Ni swali zuri. Lakini kwangu mimi historia ya jumba lolote la mawe na chokaa huanzia kwingine: kila zama, nani alikuwa na haja ya kupanda juu kuziba paa?

Wa kwanza ni Tharia Topan. Alikuwa Khoja wa Kiismailia, Mshia wa tawi jingine, mzaliwa wa Kachi huko India, aliyefika Unguja angali mtoto na akaja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani yote. Aliikodi forodha ya Sultani. Kukodi forodha maana yake humlipa Sultani fungu la kila mwaka mlilokubaliana, kisha ushuru unaukusanya mwenyewe, na kinachozidi ni chako. Kabla yake kampuni ya Jairam Shivji ndiyo iliyoishika kwa miaka mingi. Juu ya hilo Tharia alikuwa mkopeshaji: Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ya pembe na watumwa, alichukua kwake bidhaa kwa mkopo akaingia nazo bara kutafuta pembe za ndovu. Kwa hiyo tunaposema jumba hili lilikuwa sadaka, tukumbuke pia fedha yake ilipita njia gani, na migongo ya nani ilibeba zile pembe hadi pwani.

Mwaka 1887 Malkia Victoria alitimiza miaka 50 ya kutawala. Tharia, ambaye Waingereza walimpa cheo cha Sir, akaweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini kwa heshima ya jubilei hiyo. Mchoro ulikuwa wa Hashim Virjee Patel, na mikono ya mafundi wa Kihindi inaonekana kila mahali. Utazame mchanganyiko wenyewe: mpangilio wa mbele ni wa Kizungu, roshani ni za Gujarati, na kuta ni zetu, za mawe ya matumbawe na chokaa.

Tharia akafariki India mwaka 1891, jengo bado halijaisha. Mjane wake akaendelea na ujenzi hadi ukakamilika mwaka 1894. Mama huyu hatajwi sana, nami naona hakutendewa haki. Kuweka jiwe la msingi ni shughuli ya asubuhi moja. Kulipa waashi na maseremala baada ya mwenye jina kuondoka ni jambo jingine. Hata hivyo hospitali iliyokusudiwa haikupatikana.

Mwaka 1900 jengo likauzwa, likaingia katika mali ya wakfu ya Haji Nasser Nur Mohamed, mfanyabiashara mwingine mkubwa wa Kihindi. Hapo ndipo jina la dispensari lilipotoka: chini pakatolewa dawa, na orofa za juu zikagawanywa zikawa nyumba za watu kukaa. Wanaopenda usafi wa mchoro husikitika wakisikia ukumbi umekatwa vyumba. Mimi sisikitiki. Mpangaji anayevujiwa usiku halali, na asubuhi atamgongea mwenye nyumba mpaka fundi apande juu. Hakuna ofisi ya uhifadhi inayokagua paa kwa bidii kama mama mwenye godoro bichi.

Yafaa nieleze kwa nini nalishikilia paa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, hunywa maji ya mvua na ya ardhini, na ufukweni hunywa na chumvi. Chokaa huuacha ukuta upumue: unyevu ulioingia hutoka, ukuta ukakauka. Maji yakizidi, chokaa hulegea na kurudi kuwa kama udongo, na vichwa vya mbao vilivyozama ukutani huanza kuoza. Kuoza huko hakuonekani. Boriti nzima utaiona imara katikati ya chumba, kumbe ncha yake ndani ya ukuta ni unga. Dari hushuka siku moja, lakini ilianza kuanguka miaka 15 nyuma, siku mfereji wa paa ulipoziba majani.

Dawa anayoikimbilia kila mtu ni saruji. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja Shangani ambayo mwenyewe alikuwa ameipiga lipu ya saruji nje, safi, inang'aa. Masika mawili tu, unyevu ulikuwa umekosa pa kutokea ukapanda hadi orofa ya kwanza, na lipu ikabanduka vipande vikubwa pamoja na uso wa mawe. Tulitumia muda mrefu kuibandua kuliko yeye alivyotumia kuipaka.

Turudi Mizingani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jumba likawa mikononi mwa serikali, na kufikia miaka ya 1970 na 1980 lilikuwa limeachwa kuchakaa. Masika yakafanya kazi yake.

Mwaka 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalikodi na kuanza kulikarabati, kazi iliyochukua miaka kadhaa. Walirudia chokaa, wakazitengeneza upya mbao zilizooza, na mafundi wa hapa wakajifunza kazi ambazo wengi walikuwa wameziacha kwa ajili ya saruji. Ukarabati ulipokwisha lilipewa matumizi ya kituo cha utamaduni, pamoja na maduka na ofisi. Kuna wanaosema maduka yanalishusha hadhi. Basi na waende kidogo tu mbele, njia hiyohiyo, watazame Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Lilikuwa jumba la makumbusho, lenye hadhi zote.

Ukipata nafasi ingia ndani ya dispensari, simama katikati ya ua na utazame juu, roshani zinavyozunguka orofa kwa orofa. Kisha urudi siku ya mvua, usimame ng'ambo ya barabara, uziache nakshi, ufuate kwa macho njia ya maji kutoka kwenye paa hadi chini. Mimi hufanya hivyo kila masika. Kuna mlinzi wa jirani ameshanizoea. Akiona mawingu hunitolea kiti.